Jina la Kukanyagwa

Gereji ikifunguliwa Mombasa, kinachopata rangi kwanza ni ukuta. Huitwa fundi wa maandishi, akapanda ngazi, akaandika jina la mwenye gereji, namba ya simu na maneno mawili matatu ya kujisifu, kisha kando akachora spana zilizopishana au tairi lenye mbawa. Sakafu haina mwenyewe. Sakafu ni ya oili chafu, ya jeki, na ya fundi kulala chali chini ya gari. Mimi ni mtu wa sakafu. Nilianzia terrazo, mikononi mwa mzee mmoja wa Majengo ambaye hakuikubali kazi mpaka aipitishie kiganja, na siku hizi kazi yangu kubwa ni epoksi, ile rangi ngumu ya kumimina sakafuni. Miaka yote hiyo wateja wa gereji walikuwa na swali moja tu: je, itahimili? Mapambo hawakuyataja.

Sasa wanakuja na simu mkononi. Wananionyesha gereji ya Marekani, mara nyingi gereji ya nyumbani kwa mtu, sakafu ya kijivu inang'aa, imenyunyiziwa chenga nyeusi na nyeupe, na katikati pana nembo ya kampuni ya magari, kubwa kuliko kitanda cha sita kwa sita. Wanataka hiyo hiyo, ila iwe na jina lao.

Hapo ndipo mazungumzo huanza, kwa sababu kwetu jina si la kuweka popote. Mtu akiitwa Abdallah au Abdulrahman, jina lake limebeba jina la Mungu, na huwezi kulilaza chini lipitiwe na makubadhi na matairi. Niliwahi kuletewa mchoro wa namna hiyo, umetengenezwa na kijana wa kompyuta asiyejua mambo ya huku. Mzee mwenye gereji aliutazama akavua miwani. “Mwanangu,” akaniambia, “hili liende ukutani. Chini nitilie gurudumu.” Nikamtilia gurudumu, la spoku nane, na mpaka leo lipo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwafuatilia watu wa zamani walioweka alama zao za biashara sakafuni. Nilitaka kujua waliziweka kwa kutumia nini, maana hiyo ndiyo kazi yangu, lakini zaidi nilitaka kujua waliziweka mahali gani.

Wa mbali kabisa ninayeweza kumtaja kwa jina ni Aulus Umbricius Scaurus, mfanyabiashara wa Pompeii nchini Italia, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Scaurus alikuwa akiuza garum, mchuzi wa samaki waliochachushwa kwa chumvi, kitoweo ambacho bila hicho Warumi hawakuweza kula. Nyumbani kwake, kwenye ukumbi wa kupokelea wageni, kulikuwa na kidimbwi cha kukingia maji ya mvua, na katika pembe nne za kidimbwi hicho aliweka chupa nne za mozaiki. Juu ya chupa yameandikwa maneno ya kuisifu bidhaa: mchuzi bora kabisa, wa samaki wa jamii ya vibua, umetoka katika kiwanda cha Scaurus. Hakuna aibu wala mafumbo. Katika nyumba nyingine ya mji huo huo, mwenye nyumba ameandika mlangoni, sakafuni, SALVE LVCRV, yaani karibu, faida. Sisi tunaandika “Karibu Mgeni” kwenye mkeka. Yule alisema ukweli wake wote.

Angalia lakini Scaurus aliziweka wapi chupa zake. Hakuziweka kiwandani, kwenye harufu na mapipa, ambako hata nzi wangezichafua. Aliziweka ukumbini, tena pembeni, mahali ambapo mtu aliyekuja asubuhi kuomba mkopo au mkataba angesimama akingoja, macho yakiwa chini kwa adabu.

Kitu kikubwa zaidi kipo Ostia, bandari ya kale ya Roma kwenye mlango wa mto Tiber. Nyuma ya jumba la michezo ya kuigiza kuna uwanja wenye hekalu katikati, na pande zake tatu zimezungukwa na baraza la nguzo. Ndani ya baraza kuna vyumba vidogo karibu 60, na mbele ya vyumba hivyo, palepale mtu anapopita, sakafu imepambwa mozaiki nyeusi na nyeupe. Nyingi ni za mwishoni mwa karne ya 2. Kila kundi la wenye meli au wafanyabiashara lilikuwa na chumba chake, na alama yake iko miguuni pako kabla hujaingia. Kuna wauza kamba. Kuna wauza ngozi. Kuna watu wa Narbonne, kusini ya Ufaransa ya leo, na watu wa Cagliari wa kisiwa cha Sardinia, ambao wamechora meli na kuweka pishi za kupimia nafaka kila upande. Mnara wa taa wa bandari unajirudia mara nyingi, pamoja na pomboo na meli zenye tanga moja kubwa.

Wengi wao walikuwa Waafrika, wa pwani ya kaskazini iliyokuwa ikiilisha Roma ngano na mafuta. Watu wa Sabratha, mji ulioko Libya, waliweka tembo. Tembo mmoja, mweusi, kwenye sakafu nyeupe, pamoja na maandishi kwamba hii ni ofisi ya watu wa Sabratha. Wasomi hubishana: je, tembo ni kwa ajili ya biashara ya pembe, au ni kwa ajili ya wanyama waliouzwa kwenda kupiganishwa viwanjani? Mimi naona hata mwenye duka la jirani asiyejua kusoma angeweza kumwelekeza mgeni: nenda kwa tembo. Nao wenye meli wa Carthage, pamoja na jina lao, waliongeza maneno mawili ya Kilatini, DE SVO, kwamba sakafu hiyo wameilipia wenyewe, kwa fedha yao. Anayezijua shule zetu, ambazo kila darasa limeandikwa ukutani ni mfuko gani uliolijenga, hatashangaa.

Kwa fundi, uwanja ule unafurahisha kwa sababu ya uchache wa rangi. Mawe meusi ya volkano, mawe meupe ya chokaa, basi. Mchoro unasomeka ukiwa umesimama, unasomeka ukiwa unatembea, na vumbi likitanda bado unasomeka. Kijana wa kompyuta akiniletea nembo yenye rangi saba zinazofifia moja ndani ya nyingine, humwambia aichapishe kwa rangi nyeusi tupu, aiweke sakafuni, arudi nyuma hatua kumi. Ikiwa haitambui, hiyo bado haijawa nembo ya sakafu.

Na pale Ostia pia, hakuna aliyemwaga ngano juu ya tembo. Mizigo ilikuwa gatini na kwenye maghala. Barazani watu walisimama, wakabishana bei, wakaandikiana. Alama ilikaa kwenye sakafu ya maneno, si kwenye sakafu ya kazi.

Nazipita karne nyingi hapa, kwa sababu ukoo wetu sisi watu wa terrazo unaanzia pengine: Venice, na vijiji vya Friuli kaskazini yake, ambako mafundi walichukua mabaki ya marumaru yaliyobaki kwenye kazi za matajiri, wakayachanganya na chokaa na kuyasugua mpaka yakawa sakafu. Katika karne ya 19 walitawanyika Ulaya nzima, halafu Amerika. Mmoja wao, Gian Domenico Facchina wa kijiji cha Sequals, alipamba jumba la opera la Paris lililofunguliwa mwaka 1875, akitumia njia ya kupanga vipande kinyumenyume: unavibandika kwenye karatasi karakanani, uso chini, unabeba karatasi mpaka kwenye jengo, unailaza kwenye udongo wa simiti, kisha unalowesha karatasi na kuibandua. Fundi hapigi tena magoti miezi kwenye jengo la mtu. Nembo ikaweza kutengenezwa mji huu na kulazwa mji ule. Mwaka 1922 ilifunguliwa shule ya mozaiki huko Spilimbergo, Friuli, na mpaka sasa inafundisha.

Nikija kwenye gereji yenyewe, iliyo bora kuliko zote nilizowahi kuziona ipo London, barabara ya Fulham. Dada yangu anakaa mji huo, na nilipomtembelea nilimwambia asinipeleke kwa malkia, anipeleke Michelin House. Ilifunguliwa tarehe 20 Januari 1911, ikiwa makao ya kampuni ya matairi ya Michelin nchini Uingereza, na aliyeichora ni mhandisi wa kampuni hiyo, François Espinasse. Siku hizi ndani kuna mgahawa, baada ya kukarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 1987. Lakini ilizaliwa ikiwa gereji ya matairi. Matairi yalihifadhiwa chini ya ardhi, yakapandishwa kwa lifti, na magari yaliingizwa upande wa barabarani kuvishwa. Kuta zimejaa vigae vyenye picha za mashindano ya magari ya zamani, kama 34 hivi, na juu ya paa kuna kuba za kioo zilizotengenezwa kwa umbo la matairi yaliyopangwa.

Na ukiingia ukumbini, chini, yupo yule mzee wa matairi ambaye madereva wetu wa trela wanamjua: Bibendum. Ni mozaiki. Ameinua bilauri, na ndani ya bilauri hakuna kinywaji. Kuna nati, bolti na takataka za barabarani zinazotoboa matairi. Asili yake ni bango lililochorwa mwaka 1898 na mchoraji aliyejiita O'Galop, kwa ajili ya ndugu wawili, André na Édouard Michelin. Tangazo lao lilidai kwamba tairi lao linavinywa vikwazo vyote, na jina la Bibendum lenyewe limetoka kwenye shairi la Horatius wa Roma linaloalika watu kunywa. Weupe wake unawashangaza vijana. Mwaka huo matairi yalikuwa bado meupe au ya kijivu. Masizi yanayoyafanya kuwa meusi yalikuja kuzoeleka baadaye.

Nilichuchumaa pale mlangoni, dada yangu akijifanya hanijui, wageni wa mgahawa wakinizunguka. Nilichokuwa nikikitazama si mzee bali mahali alipolazwa. Wale watu walikuwa na gereji nzima ya kuipamba. Wangeweza kumweka upande wa kuvishia magari matairi, ambako kila gari lingesimama juu yake. Wakamweka ukumbini, ambako dereva alingoja gari lake, akatazama ramani, akapangiwa safari. Fundi wa Scaurus angeelewana nao bila mkalimani.

Marekani ndiko mambo yalikobadilika, na yalibadilishwa na vitu viwili vilivyoenea miaka ya 1920: mashine ya umeme ya kusagia terrazo, na ukanda mwembamba wa shaba ya manjano. Kabla ya hapo terrazo ilisuguliwa kwa mkono, kwa jiwe lililofungwa kwenye mpini. Ukanda nao ulikuja kuzuia nyufa, maana sakafu pana ya simiti ikikauka hutafuta pa kupasukia, na ukiigawa vyumba vyumba inatulia. Lakini ukanda unapindika. Ukishaupinda unaweza kuzungushia herufi, nyota, ndege au gari, ukamimina rangi moja ndani na nyingine nje, zisichanganyike. Mistari ya wahandisi ikawa kalamu ya wachoraji. Kuanzia hapo benki, hoteli na viwanja vya ndege vya Marekani vikajaa nembo sakafuni.

Kilele chake ni njia ile ya Hollywood, iliyoanza kujengwa mwaka 1960: nyota za terrazo ya waridi kwenye sakafu ya rangi ya makaa, jina la msanii kwa herufi za shaba, na chini ya jina kialama cha fani yake, kamera, televisheni, sahani ya santuri, maikrofoni au vinyago vya michezo ya kuigiza. Huko kukanyagwa ni heshima. Watu hulipia, hufanya sherehe, hupigwa picha wamelala ubavuni pa jina lao. Ila mtu mmoja aliwakatalia. Muhammad Ali alipopewa nyota yake mwaka 2002, alisema jina la Mtume halitakanyagwa na watu, na nyota yake ikawekwa ukutani. Ndiyo pekee iliyosimama wima. Nilipolisoma jambo hilo nilimkumbuka mzee wangu wa gurudumu, nikatamani wangekutana.

Hata Marekani kwenyewe jambo hili halijatulia. Timu nyingi za hoki ya barafu, za huko na za Kanada, huweka nembo yao kwenye zulia katikati ya chumba cha kubadilishia nguo, halafu ni mwiko kuikanyaga. Wachezaji wanazunguka, waandishi wa habari wanafokewa. Ukuta walikuwa nao.

Epoksi ilitoka maabara. Mswisi Pierre Castan na Mmarekani Sylvan Greenlee waliifanyia kazi kila mmoja kwao, kati ya miaka ya 1930 na 1940, na mwanzoni ilihusu meno ya bandia, gundi na rangi za kupaka. Ilipofika kwenye sakafu ilikuta viwanda vikitaka kitu kisichonywa mafuta, na baadaye ikaingia kwenye gereji za nyumbani. Nembo za gereji ninazoonyeshwa kwenye simu ni zao la epoksi: inachorwa kwa stensili, au inachapishwa kwenye karatasi laini ya plastiki, ikabandikwa juu ya rangi na kufunikwa na epoksi isiyo na rangi. Kwa siku tatu umemaliza. Terrazo ya ukubwa huo ingenichukua wiki kadhaa, na sauti ya mashine ingenigombanisha na mtaa mzima.

Lakini tofauti ni zaidi ya muda. Alama ya Ostia na ile ya Michelin zimo ndani ya sakafu: zikilika, zinalika pamoja na sakafu, na chini bado ni ile ile. Ya epoksi imekaa juu. Na sasa imehamishwa kutoka mlangoni ikaletwa katikati, chini ya gari lenyewe. Sijui nani aliyeanzisha. Nembo ya katikati ya gereji huonekana gari likiwa halipo. Gari likirudi, mwenyewe anakifunika alichokilipia. Tena hapo katikati ndipo tairi linaposimama likiwa limetoka lami ya saa nane mchana. Mpira wa moto ukikaa juu ya epoksi ya bei rahisi unailainisha na kuishika. Asubuhi gari likitoka, linaondoka na kipande cha jina lako.

Pwani tuna adui mwingine, naye anatoka chini. Nyumba nyingi za gereji zimejengwa juu ya mawe ya matumbawe bila karatasi ya nailoni chini ya zege, na unyevu unapanda mwaka mzima. Kabla ya kukubali kazi hukata nailoni safi, nusu mita kwa nusu mita, nikaibandika sakafuni kwa tepu pande zote nne na kuiacha mpaka kesho yake. Nikiibandua nikakuta matone ndani, au zege limegeuka jeusi, namwambia mteja tusubiri, au tutumie rangi ya kwanza ya kuzuia maji, na hiyo ni ghali. Wengine hukasirika. Malengelenge yakitokea baada ya mvua za masika, wao hao hurudi.

Hivi sasa nina kazi Changamwe, gereji ya malori ya vijana wawili, ndugu. Jina lao halina neno la kukatazika, kwa hiyo wanaweza kuliweka chini wakipenda. Walitaka katikati, chini ya lifti ya kuinulia magari, kama walivyoona kwenye simu. Nimewapeleka mlangoni, mahali mteja anaposhuka akasimama kuulizia bei. Tatizo ni kwamba mlangoni jua la alasiri linaingia hadi ndani, na epoksi ya kawaida ikipigwa na jua hugeuka manjano. Nembo yao nyeupe ingekuwa ya rangi ya samli kabla ya mwaka. Basi nimewapangia epoksi ndani, ya kijivu, tupu, isiyo na jina la mtu, na mlangoni terrazo: simiti nyeupe, chenga za marumaru nyeupe na nyeusi, nembo imezungushiwa ukanda wa shaba.

Walipoona bei ya shaba walikwenda kushauriana. Mkubwa wao alinipigia jioni, akauliza kama tunaweza kutumia alumini, kuna jamaa yake anauza. Nimemweleza kwamba alumini huliwa na simiti mbichi, ukanda utatafunika kabla hatujasaga. Zinki inakubali, nayo ni nafuu, ila ni ya kijivu, haitang'aa. Akanyamaza kidogo, nikamsikia akimuuliza mdogo wake. Zinki, akasema, na tupunguze herufi.